Mkungu wa Mama Mkwe

Jumamosi, nikisubiri basi Maji ya Chai, niliona pikapu imebeba mgongoni kinyumba cha kulalia, kile cha kwenda nacho porini. Mwenye gari, mtu wa Njiro, alikuwa amepita ukweni na mkewe kuaga kabla ya safari. Mama mkwe akatokea na mkungu wa ndizi kichwani.

"Mama, naomba tuuache," mkwe akasema. "Kinyumba, maji, gesi, na sisi wawili. Gari imefika mwisho wa uzito wake."

Akachuchumaa, akapitisha vidole kati ya tairi la nyuma na madigadi. Viwili tu vilipita.

"Pikapu za sokoni zinajaza mikungu mpaka juu," mama alijibu bila kuutua. "Au ndizi zangu ndizo nzito?"

Mke akatazama pembeni. Sisi watu wa mlimani hatuna sikio la kusikia "imetosha". Anayekataa mkungu amewakataa waliompa mke.

Mkwe akajifuta jasho, akazunguka nyuma na kufungua koki ya tangi la maji. Maji ya safari nzima yakamwagika vumbini mbele ya macho yetu, gari ikainuka kidogo. Akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akauingiza ndani.

Mama mkwe akainama, akalichungulia tairi kwa makini.

"Kumbe nafasi ilikuwepo," akasema, kisha akageukia nyumbani kwake na kupaza sauti: "Leteni na ule mwingine!"