Winga Aliyevaa Jina la Cédric

Pale Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, kwenye saluni iliyobanwa kati ya duka la simu na ngazi za ghorofa la zamani, wote walimwita Colette Mama Cédric. Lilikuwa jina lake halali. Alimzaa Cédric huko Uvira, Kongo, akamzika kando ya barabara upande wa Tete, Msumbiji, mwaka 2008, walipokuwa wanakimbilia Durban. Msumari ulimchoma mguu wa kushoto, mguu ukavimba, na siku ya tatu mtoto wa miaka kumi na miwili akanyamaza. Dereva wa lori aliwaazima koleo. Walimzika na kandambili moja mguuni. Ya pili Colette aliiacha juu ya mawe, ili siku akirudi apajue mahali. Hilo hakumwambia mtu.

Ezéchiel, shemeji yake Colette, mdogo wa mumewe Protas, hakuliona kaburi. Alikuwa ametangulia na lori la kwanza. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye mbio.

Kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, Protas alisikia kwamba mtoto huandikwa pamoja na wazazi, lakini mdogo wa mtu hujitegemea. Akamvuta Ezéchiel sikio. "Kuanzia leo wewe ni Cédric. Na huyu si shemeji yako tena. Ni mama yako."

Karani aliinua macho. "Mtoto wako?"

Colette alifungua mdomo, lakini kijana akamwahi: "Ndiyo, ni mama yangu." Colette akaitikia kwa kichwa. Kosa lake ni hilo moja. Mengine yote alitendewa.

Mwaka 2011 Protas aliondoka na huyo "mtoto" kwenda Uingereza, kwa mpango wa kuwahamisha wakimbizi aliouomba kisirisiri. Colette alipokwenda ofisini kuuliza zamu yake, dada wa dirishani alisoma faili, kisha akashusha sauti. Mama wa familia hiyo, akasema, mumewe aliandikisha kwamba alikufa njiani, Msumbiji. "Pole sana. Alikuwa ndugu yako?"

Colette alirudi saluni akasuka vichwa viwili. Kwenye karatasi aliyekufa alikuwa hai, na aliye hai amekufa.

Miaka miwili baadaye Peguy, mwenye duka la simu, aligonga ukuta.

"Mama Cédric! Njo uone mutoto yako! Beki amekaa chini kama anangojea taxi!"

Kwenye simu ya Peguy, haikuwa ile ligi ya kwenye televisheni. Ilikuwa timu ya mji mdogo, daraja la nne, uwanja wa matope, na watu wachache wenye makoti. Lakini winga wa kushoto alipopokea mpira wote walisimama, na mtangazaji akapiga kelele: Cédric! Cédric! Colette alishika ukingo wa kaunta. Sauti ya Mzungu asiyemjua ilikuwa inamwita mwanawe kama anayemwita aje kula.

Chini ya picha Peguy alimsomea: tarehe ya kuzaliwa, ile ile. Miaka kumi na saba. Msimu uliofuata, kumi na minane, na urefu umeongezeka sentimita mbili. Marehemu alikuwa anakua. Colette akaanza kusikia, akitembea peke yake barabara ya bandarini mchana kweupe, mguu mmoja wenye kandambili nyuma yake. Pa. Kimya. Pa. Akigeuka, hakuna mtu, ila makontena na upepo.

Alijua mtoto anataka nini. Colette hakuwa amemlilia kwa jina lake hata siku moja.

Kanisani kwao, kila Novemba, watu huandikisha majina ya marehemu wao yasomwe kwenye misa. Novemba ya 2014 Colette, asiyejua kuandika, alimwendea Laurette, katibu wa parokia.

"Andika Cédric."

Kalamu ya Laurette ilisimama. "Mama, mtoto mzima, anacheza mpira Ulaya, unamtia kwenye karatasi ya wafu?"

"Niliyemzaa amekufa. Yule ni mwingine."

"Eish, mama. Usimlaani mtoto kwa sababu hatumi kitu."

"Andika."

Jina lilisomwa, na kanisa zima likageuka kumtazama. Jumamosi iliyofuata, winga akikimbia peke yake, bila kuguswa na mtu, mguu wake wa kushoto ulivunjika.

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyekubali mikono ya Colette kichwani pake. Walivuka barabara. Peguy aliacha kugonga ukuta.

Ilikuwa Machi, adhuhuri, saluni tupu, simu yake ilipoita.

"Shemeji."

Miaka saba hakuitwa hivyo.

"Shemeji, ni mimi, Ezéchiel. Nikuulize kitu, usikasirike. Mtoto mlimzika na viatu?"

Colette aliketi kwenye kiti cha wateja. "Kwa nini?"

"Siku ile kulikuwa na mtu anakimbia sambamba na mimi, nje ya mstari wa chaki. Namsikia, simwoni. Mguu mmoja unalia, mmoja haulii. Nikageuka kumtazama, ndipo nikavunjika. Mfupa umekataa kuunga, nimerudishwa hospitali, na sasa yuko hapa kwenye korido. Kila siku anakaribia mlango. Mwambie aniache, shemeji. Wewe ni mama yake."

"Mimi ni mama yake kweli?"

"Wewe ni mama yake, si yangu."

Colette alimwacha alie kidogo. Yeye pia alilizwa, na hao hao ndugu wawili.

"Ana kandambili moja," akasema. "Hakufuata mguu wako. Anafuata jina lake. Nenda kwa wenye karatasi za ukimbizi, useme kweli, umrudishie."

"Watanifukuza. Na mpira utakuwa umekwisha."

"Najua."

Mwezi wa sita Peguy alikuja mwenyewe, amekunja uso, akamwonyesha simu. Alilitafuta lile jina kwenye orodha ya timu, halikuwepo. Habari kwamba kijana ameungama jina si lake zilikuwa zimefika Point kabla yake, na wateja bado hawakurudi. Mkono uliomvunja mtu mguu kwa jina tu ulizidi kuwatisha.

Novemba Laurette aliandika bila kuuliza. Misa ilipokwisha Colette alipita barabara ya bandarini, polepole, akisikiliza. Alisikia upepo, na viatu vyake mwenyewe, viwili. Alisimama pale akilia hadi malori yakaanza kumpigia honi.