Ubwa Hajibu "Nzuri"

Mjini Unguja ukiulizwa habari, jibu ni moja tu: nzuri. Nyumba iungue, jino likukesheshe, mke arejee kwao, wewe nzuri, alhamdulillahi. Ubwa, mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, aliiacha desturi hiyo mwaka jana, na watu wa barazani wakapata tabu.

Alikuwa amevuta unga miaka sita, kisha akaingia soba hausi kutibiwa. Siku ya kutoka, mshauri wake, Suhaib, alimwambia: "Kila uliporejea kwenye unga, kulikuwa na jambo umelimeza. Usimeze tena. Sema." Suhaib alikusudia aseme kwa watu wake wa karibu. Ubwa, kwa pupa zake, alimwambia kila mtu.

"Habari za asubuhi, Ubwa?"

"Mbaya. Nna hasira tokea alfajiri, na sababu siijui."

Mtu katoa salamu, kapewa khutba! Hata imamu alianza kumpungia mkono kwa mbali. Aliyemsikiliza ni Masoud peke yake, muuza kahawa, kwa kuwa birika lake la moto halikumruhusu kukimbia.

Jumatatu moja likaja la kweli. Ubwa alisikia papo hapo barazani kuwa binti yake, Rukaiya, anaolewa Ijumaa, na walii wa kumuozesha atakuwa ami yake, Hamad, maana baba mtu hafai. Baba mzazi yuko hai, na nduguye ndiye atakayeshikana mkono na bwana harusi! Miguu yake iliijua njia ya kwa muuza unga kuliko njia ya msikitini.

"Masoud," alisema, "roho inaniuma. Nnaona haya, na nnataka kwenda kuvuta sasa hivi."

Masoud akalitua birika. "Inuka nikupeleke kwa mwanao. Kamwambie yeye hayo, mie nshachoka kuyasikiliza peke yangu."

Rukaiya alifungua mlango. "Shikamoo, baba. Habari za huko?"

"Marahaba. Mbaya, mwanangu. Nimeumia."

"Umeumia wewe?"

Hapo Rukaiya akafunguka. Alisema herini zake zilizouzwa. Alisema vicheko vya wenzake skuli. Alisema Idi aliyokaa mlangoni na nguo mpya kumngojea baba, mpaka jua likachwa. Ubwa alitamani akimbie, lakini alijishika magoti akabaki.

"Kweli," alikuwa akijibu. "Nilifanya."

Ikaadhiniwa alasiri, Rukaiya bado anasema. Alipomaliza akajipangusa macho kwa mtandio.

"Kanzu unayo, au nayo uliiuza?"

"Niliiuza."

Rukaiya akaangua kicheko na machozi yanamtoka. "Basi kaazime ya ami Hamad. Mwambie Ijumaa yeye atakaa nyuma."