Meza ya Mama na Mlango wa Bahari ya Shamu

Niliwaahidi wanawake wawili kona moja ya meza ya mama yangu, na kila mmoja nikamwambia ni wewe tu. Huo ndio ujinga wenyewe, nauweka mbele usije ukasema nimekuficha. Wa kulaumiwa, kama utaniuliza mimi, ni somo la historia.

Kipindi cha historia mimi hukitumia kuwachorea malkia masharubu. Lakini siku hiyo mwalimu alikuwa kwenye Bahari ya Shamu, baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa, akasema Waingereza walikaa Aden wakila nyama iliyovushwa kutoka Berbera. Nikainua kichwa. Berbera ni kwa kina babu! Kumbe mbuzi wetu walilisha jeshi. Wafaransa nao wakajipatia Obock, halafu Djibouti. Waitaliano wakaingia Assab kwa mgongo wa kampuni ya meli. Wote wanautaka mlango uleule, meli zipite kwao, zinunue makaa kwao. Na wakubwa wa pwani, akasema, waliweza kumpa huyu ahadi leo na yule kesho.

Nikanyoosha mkono. "Sasa hao Wazungu hawakuulizana?"

Mwalimu akasema hilo ni swali zuri sana, maana yake hajui.

Swali likanikaa kichwani kama wimbo mbaya. Sasa, kwetu Lozells, mtaa wetu hapa Uingereza, mlango wa bahari ni wa ukumbi wa mtaa, ambako kina mama hufanya soko Jumamosi moja kila mwezi. Meza iliyo mlangoni ndiyo Aden: anayeingia anaipita, anayetoka anaipita. Mama alikuwa ameuza sambusa pembeni mwa choo tangu tuhamie, na mwezi huo ndio kwanza alipewa meza hiyo. Tena mwezi wenyewe haukuwa wa mchezo. Bibi Mwingereza anayesimamia ukumbi alikuwa anatafuta mtu wa kuwapikia wazee chakula cha jioni katika jiko la ukumbi, na angepita akionja. Mama alikuwa akisafisha ofisi za watu kabla hakujapambazuka. Alilitaka lile jiko mpaka akawa analiota.

Jua pia kwamba kwetu mtoto ndiye simu. Mama akiwa na neno kwa jirani, ananituma, na nikishalisema limekuwa lake. Ukirudi kumuuliza kama ni kweli, umemwita mwongo.

Basi, nione kama wangeulizana, nikaenda kwa mke wa mjomba, mzaliwa wa Djibouti, anayeamini kahawa nyingine zote ni maji ya kuoshea vyombo. "Mama anasema uje uuze kahawa kwenye kona ya meza yake. Wewe tu." Akanijaza biskuti mifukoni. Kisha jirani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya. "Mama anasema ulete chai na mandazi. Wewe tu." Huyo akaniombea dua na kunifungia mandazi.

Jumamosi ikafika. Mke wa mjomba akatua na birika lake. "Wifi, umenikumbuka!"

Mama akanitazama mimi, si yeye. "Karibu," akasema.

Hata mama hajasogeza trei, jirani naye huyo, beseni kichwani. "Mama, Mungu akubariki kwa kuniita!"

"Karibu," akasema tena, sauti ikiwa imepungua. Kumwambia mgeni mbele za watu kwamba hukumwita? Bora meza ivunjike.

Vita vikaanza kwa adabu.

"Madame, birika yako iko inakala juu ya mandazi yangu."

"Mandazi yako ndiyo yamehamia kwangu, madame."

Kisha wakahamia Kifaransa, na adabu ikabaki kwenye Kiswahili. Mke wa mjomba akashusha bei ya kahawa. Jirani akatoa andazi la bure kwa kila kikombe cha chai. Mke wa mjomba akaleta bisi, bure pia. Watu wakajaa mlangoni wakichekelea, na mimi nikicheka kuliko wote, mpaka nilipomtafuta mama. Alikuwa amebanwa ukutani, sambusa zimepoa, hakuna mkono unaozifikia. Jibu langu likawa hilo hapo: hawakuulizana kwa sababu kila mmoja alifurahi kudhani ni yeye tu. Na mwenye meza hakuulizwa na yeyote.

Bibi wa ukumbi akaingia. Akanywa kahawa, akala andazi, akatafuna bisi, akanywa na chai. Nikajipenyeza na sambusa kwenye sahani. "Hii ndiyo yenyewe, jaribu hii."

"Nimeshiba, mpenzi," akasema, akijipapasa tumbo. Kisha akawageukia wote watatu, uso unang'aa. "Jinsi mnavyofanya kazi pamoja! Jiko ni lenu, Jumanne. Nyote watatu."

Wawili wakapiga vigelegele. Mama akatabasamu kwa meno tu.

Njiani kurudi mvua ilitunyeshea, mama akitangulia. Nilibeba trei, nikiwa nimeandaa mizaha mitatu, na yote ikanifia mdomoni. Tulipofika jikoni akavua kitambaa kilicholowa, akakikamua kwenye sinki, akasema:

"Umewaita kwa jina langu, kwa hiyo nimewaita mimi. Mtu akikuuliza, sema hivyohivyo. Na Jumanne ukitoka shule hakuna mpira. Wale wawili watagombania jiko, wewe utasimama katikati yao ukimenya vitunguu."