Theluji kwenye Daftari la Mvua

Baridi ile nyumba yetu ya Evere, hapa Brussels, iligawanyika pande mbili, mashariki na magharibi. Tulikuwa tumemwahidi binti yetu wa miaka kumi kwamba likizo ya kanivali, mwezi Februari, tutampeleka milimani akateleze kwenye theluji kama wenzake wa darasani. Mume wangu alitaka Austria, upande wa mashariki, kwa sababu mwenzake kazini alimwambia huko ndiko theluji inakoanguka kwelikweli. Mimi nilitaka Ufaransa, upande wa magharibi, na sababu yangu kubwa ilikuwa kwamba yeye anataka mashariki. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa zile mbao za kutelezea miguuni, lakini kubishana hakuhitaji leseni.

Nikiri: theluji yenyewe haikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni simu ya Jumapili. Kila Jumapili baada ya chai nampigia baba yangu Lushoto, kisha nampa mjukuu wake simu. Shikamoo babu. Marahaba, hujambo? Sijambo. Shule? Nzuri. Haya, mpe mama simu. Siku moja nilihesabu nikapata sekunde kumi na mbili. Damu ni nzito kuliko maji, lakini yetu ilikuwa inaganda kwenye simu. Baba alikuwa amevuka themanini, na mtoto anazidi kukua kwa Kifaransa. Niliogopa kwamba siku moja atamlilia mtu asiyemjua ila kwa salamu. Hilo lilinikasirisha, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Baba alifundisha shule miaka mingi, lakini ukimuuliza atakwambia kazi yake ni kupima mvua. Kipimo kiko uani, na tangu sijazaliwa hukisoma kila siku saa tatu kamili asubuhi na kuandika milimita zake kwenye daftari. Iwe sherehe au msiba, saa tatu ikifika anaomba radhi na kutoka. Siku ya harusi yangu wageni walimngoja.

Jumapili moja ya Januari alitusikia tukibishana, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Sikutarajia alichukulie jambo hilo kwa uzito, lakini aliuliza swali moja tu: huko kwenu bahari iko wapi? Kabla sijafungua mdomo, binti yetu, aliyekuwa amekaa na atlasi yake mezani, akasema iko magharibi. Basi, akasema baba, mlima una uso na kisogo. Uso ndio unaotazama bahari, na mvua hupiga uso; kisogo hupata makombo. Kwetu Usambara uso ni mashariki, huko kwenu ni magharibi. Nilimtazama mume wangu kwa jicho la ushindi. Lakini baba alikuwa hajamaliza. Alisema maneno hayajawahi kujaza kipimo, na akamwagiza mjukuu wake amletee namba za theluji kila Jumapili, za mashariki na za magharibi, naye atazichorea safu mbili kwenye daftari la mvua.

Mtoto akachagua vituo viwili vya kuteleza, kimoja kila upande, vya kimo kimoja, maana babu alikataza kulinganisha kilele na bonde. Jumapili ya kwanza alisoma kwenye simu ya baba yake na kutangaza: "Babu, est iko quarante," yaani mashariki ni sentimita arobaini. Hicho ni Kiswahili cha mume wangu, mtu wa Bukavu, ambacho kikifika kwenye hesabu huhamia Kifaransa. Babu akauliza hiyo karanti ndiyo ngapi kwake yeye mzee wa Lushoto. Jumapili ya tatu mtoto alikuwa anahesabu mpaka mia kwa Kiswahili bila kunigeuzia macho.

Tatizo ni kwamba mashariki ilikuwa inashinda. Ilishinda wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mume wangu alicheza jikoni na mwiko mkononi. "Bon, mama, ile uso ya mulima iko wapi sasa?" Baba hakukubali kushindwa. Aliuliza nani anayepima huko, na aliposikia kwamba ni wenye vituo wenyewe alicheka mpaka akakohoa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, alimwambia mjukuu wake, na kumfafanulia methali hiyo kukachukua dakika kumi. Kisha akampa amri. Ukifika huko, pima kwa mkono wako. Tafuta kopo lenye kingo zilizonyooka, na rula, saa tatu kamili. Halafu iyeyushe upime maji, kwa sababu theluji ni majigambo, maji ndiyo ukweli. Mtoto akaahidi.

Wakati huo simu yao ilikuwa inafika nusu saa. Mimi nilisubiri zamu yangu nikiosha masufuria kwa wivu, tena wivu mtamu.

Tulilipia magharibi, maana nikishika jambo siachi. Na Februari magharibi ikaamka: theluji siku tatu bila kupumzika. Baba aliwatangazia majirani. Binti yetu nilimpeleka kwa msusi wake kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, akasukwa mistari myembamba iliyolala kichwani ili kofia ngumu iingie. Ijumaa, mabegi yakiwa mlangoni, ujumbe ukaja. Theluji ilikuwa nyingi kupita kiasi, ikihofiwa kuporomoka, na barabara ya kupanda imefungwa. Wageni wasije. Magharibi ilishinda mpaka ikatufungia mlango.

Mume wangu, haki yake nimpe, hakucheka. Mtoto alilia. Nikamwambia atateleza mwakani.

"Si kuteleza," akasema. "Nitamwambia babu nini? Nilimwahidi namba yangu mwenyewe."

Nilikaa naye juu ya begi, nikaona uchungu na furaha kwa pamoja.

Jumapili tuliamka nje kukiwa kimya, hata basi halikusikika vizuri. Kibaraza chetu kilikuwa cheupe. Haikuwa theluji ya milimani. Ilikuwa ile ya Brussels ambayo adhuhuri huwa tope. Mtoto hakupiga kelele. Alitazama saa, akaenda jikoni, akaosha kopo la nyanya. Saa tatu kamili alitoka na nguo za kulalia na mabuti ya baba yake, akalikandamiza kopo kifudifudi kwenye theluji, akapima. Kisha akaliweka juu ya hita, akakaa kulilinda mpaka yote ikawa maji, akapima tena mara mbili.

Tukapiga simu, tukaiweka kwenye spika. Baada ya shikamoo, babu akauliza mashariki ngapi.

"Babu, leo sina mashariki wala magharibi. Hatukwenda. Nina ya kwetu. Nimepima mwenyewe."

Kwenye simu nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Theluji?"

"Sentimita nne. Maji milimita tano."

"Nachora safu ya tatu. Nitajie jina la mahali, herufi moja moja."

Akamtajia Evere, herufi moja moja. Alipomaliza, kwa mazoea, akaninyooshea simu, nami nikafuta mkono kwenye kanga ili niipokee.

"Mama yako atangoja," baba akasema. "Hujaniambia upepo ulitoka wapi."