Shangazi yangu alinianzishia aidini kabla ya madaktari, kisa neno "kipimo"

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Nimeona humu watu wanaogopa ile aidini ya mionzi wanayopewa wagonjwa wa kansa ya tezi ya shingo. Wengine wanauliza mbona fulani kapewa dozi kubwa na fulani ndogo.

Mimi niliinywa. Niliinywa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Nawahadithia kama ilivyokuwa, sitii chumvi, na mtaona mbele kwamba hata chumvi yenyewe nilikatazwa.

Nilikuwa msichana wa kuolewa, naishi Mlandege kwa shangazi yangu, Bi Mwanajuma, aliyenilea baada ya mama kufariki. Kazi yake ilikuwa kushona nguo za wanawake. Mkali wa maneno, lakini wewe ukiumwa kidole yeye anaumwa mkono mzima.

Nikaota uvimbe shingoni. Hospitali ya mjini wakaukata pamoja na tezi, ukapimwa, ikaonekana ni kansa.

Daktari wetu, mzaliwa wa hapahapa Unguja, akasema yamebaki mabaki ambayo kisu hakiyafikii. Ila Bombay iko hospitali wanakunywesha aidini yenye mionzi, yale mabaki ya tezi yanaivuta yenyewe, nayo yanakufa.

Akamwambia shangazi: "Wataanza na kipimo kidogo, Bi Mwanajuma, halafu ndiyo kipimo kikubwa."

Wakuu, hilo neno kipimo nusura liniponze.

Maana aidini tulikuwa nayo nyumbani. Nani hakuwa nayo? Kile kichupa cha dawa ya kahawia, mtoto akijikwaa anapakwa, na kilio cha dawa kinazidi kilio cha kidonda.

Shangazi akakaa akapiga hesabu zake. Dawa ni aidini. Inaanza kidogo, halafu inakuja nyingi. Sasa tunangoja Bombay ya nini?

Basi kila baada ya alasiri ananikalisha kwenye kiti chake cha cherehani, ananipaka shingo nzima huku anasoma dua. Nami nimetulia tuli. Raha ya kuuguzwa na mtu anayekupenda, hata huulizi.

Siku ya meli ya Bombay ikakaribia, tukaenda kwa daktari kuaga.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba, mwanangu."

Daktari akanitazama, tabasamu likamkauka. "Shingo hii imefanywa nini?"

"Nnampaka aidini," shangazi akajibu kwa fahari. "Si ulisema mwenyewe kipimo kidogo kwanza? Nkaona nimwanzie hapahapa, akifika huko keshazowea."

"Lahaula!" Daktari akashika kichwa. "Bi Mwanajuma, nlikusudia kipimo cha kumpima, si kipimo cha dawa!"

Hapo ndipo akakaa kutueleza vizuri, jambo ambalo angelifanya mwanzo tungepona sote.

Huko Bombay, alisema, kwanza wanakunywesha mionzi kidogo sana, ya kuchungulia tu. Kisha wanaweka mashine shingoni waone mabaki yameikamata kiasi gani. Hapo ndipo wanajua dozi ya kweli iwe ipi. Sasa mwili ukishajazwa aidini ya kichupa, maana ngozi huinywa, ile ya kuchungulia inakuta nyumba imejaa, haipati pa kuingia. Madaktari watadhani shingo haivuti, na watamrudisha bila dawa.

"Meli hii hapandi," akamaliza. "Mpaka mwili uisafishe."

Nililia njia nzima ya kurudi. Mgonjwa wa kansa kuambiwa angoje ni sawa na kuambiwa alale na nyoka chumba kimoja.

Ukaanza msimu wa masharti. Samaki hapana, pweza hapana, chumvi ya bahari hapana, vyote vina aidini. Jamani, Unguja! Jamaa wa Chwaka wakileta samaki changu, wanapita nao mlangoni kwetu wanampa jirani, nami nanusa harufu huku natafuna muhogo wa kuchemsha usio na ladha. Shangazi naye akakataa kula samaki. Nikimwambia ale, ananijibu, "Nshashiba."

Na kwa kuwa sina tena tezi, mwili ulikuwa mzito, uso umevimba. Jua la adhuhuri watu wanajipepea, mimi najifunika blanketi.

Hatimaye daktari akaridhika, tukasafiri mimi na shangazi.

Bombay nikanyweshwa ile ya kuchungulia. Kesho yake wakaniwekea mashine, mshale ukacheza. Shingo inavuta! Nilitaka kuushangilia ule mshale kama mpira.

Lakini kuvuta peke yake hakutoshi, wakuu. Walipiga picha kifua waone kama ugonjwa umeshuka mapafuni, wakatazama damu yangu, wakauliza upasuaji ulibakisha nini. Mwenzangu wa kitanda cha pili, ugonjwa wetu mmoja, alipewa dozi kubwa kuliko mimi kwa sababu wake ulishafika mifupani. Na daktari wa kule alikiri kwamba hesabu haimalizi kila kitu, mengine ni uzoefu.

Shangazi alikuwa na Kihindi cha madukani, cha kununulia vitambaa. Aliposikia yangu ni ndogo, akamvaa daktari kama anamvaa muuza vitambaa vya melimeli: "Mtilie nyongeza basi!"

Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akamjibu kwa upole, "Mama, hapa hakuna nyongeza. Ikipungua inaacha ugonjwa, ikizidi inaunguza uboho wa mifupa."

Nikainywa. Wakanitenga chumbani kwa ajili ya mionzi, shangazi akawa ananisalimia kutoka mlangoni mpaka waliponiruhusu.

Mwaka uliofuata tukarudi kuangaliwa. Mashine ikawekwa shingoni, mshale haukutikisika. Daktari akasema hakuna kilichobaki.

Shangazi akakaa chini palepale sakafuni, na buibui lake, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia.

"Nlidhani nshakuua, mwanangu," akasema. "Tokea siku ile kwa daktari, kila nkikutazama nlidhani nshakuua."

Nikakaa naye chini, nikamkumbatia. Nilikuwa mzima kabisa, naye ndiye wa mwisho kuamini.

Wakuu, nililojifunza ni hili: mwambieni daktari kila mnachokula na kila mnachojipaka, hata kama aliyewapaka ni mtu anayewapenda. Na yeye akisema neno lenye maana mbili, msione haya kumuuliza ni ipi.

Leo mimi ni bibi wa zaidi ya miaka themanini, nakula changu nitakavyo. Mliopita njia hii miaka ya karibuni, hebu semeni, nyie dozi yenu walikataje? Na nani kati yenu aliomba nyongeza?