Waliofungiwa Birikani: Nikiyafuata Madaftari ya Baba Hadi Sur

Baba yangu amewafungia watu wawili ndani ya birika la maji, na kila asubuhi huniuliza kama wametoka. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka Omani, mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya boti ya Dar es Salaam.

Watu wenyewe ni wa kwenye riwaya. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Unguja, na alipostaafu alianza kuandika riwaya ya upelelezi kwa mkono, kwenye madaftari ya shule. Hadithi aliiweka Haifa, katika ugomvi wa Wayahudi na Waarabu, nchi aliyoijua kwa ramani na redio tu. Nasri ni dereva wa teksi, Mwarabu. Miriam ni muuguzi, Myahudi. Wanagundua kwamba mtu mmoja anauza baruti kwa pande zote mbili, na tangu hapo wanasakwa na wenzao wa huku na wa kule. Kila daftari lilipojaa, baba alilitia kwenye mzigo wa msafiri likaenda kwa dada yake, shangazi Zuwena, anayekaa Sur huko Omani tangu ujana wake. Nakala hakubakisha. Nilimwambia apige picha kurasa zake, akanijibu kuwa riwaya si kitambulisho.

Mimi nasomesha hesabu, na hadithi za kukimbizana hazinipandi. Sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja. Kisha baba akapigwa na kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya kumbukumbu. Jina langu humponyoka, lakini Miriam na Nasri hawamponyoki. Anajua wamefungiwa katika birika chini ya nyumba kijijini, mvua inanyesha na maji yanapanda.

"Wametoka?" huniuliza.

Nikimwambia wametoka, huuliza, "Kwa wapi?"

Hapo nakwama, naye hulia. Nilimpigia simu shangazi Zuwena aniambie riwaya inaishaje. Akasema mambo hayo si ya simu, na kwamba madaftari mengine hayako kwake, yamekwama kwa rafiki zake wanaopokezana kuyasoma. "Njoo uyachukue mwenyewe," alisema. "Yeye ndiye aliyeyatuma, na damu yake ndiyo iyarudishe." Likizo ya shule ilipofika, nikamwacha baba mikononi mwa mdogo wangu wa kike, nikapanda ndege.

Jumatatu asubuhi, Muscat. Mazna, mjukuu wa shangazi, alinipokea uwanjani. Ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi kampuni ya bima, na ananiita amma, ndiyo shangazi kwa Kiarabu. Kiswahili chake kimepungua viungo lakini hakimtii haya.

"Amma, begi yako iko nzito. Wewe umeleta mawe?"

"Nimeleta karafuu na vitabu."

"Vitabu mingi. Hapa bibi peke yake anasoma."

Tukashika njia ya Nizwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona jangwa la mchanga, kumbe ni milima. Milima mitupu, bila mti wala jani, rangi ya mkate wa mofa ulioungua, mmoja nyuma ya mwingine hadi macho yanachoka. Nilianza kuihesabu, mwalimu wa hesabu mimi, nikapotea. Nilijiona mdogo sana, na sikuchukia.

Adhuhuri tulifika Nizwa, kwa Mzee Seif, mwenye duka la vipuri vya magari. Alizaliwa Tabora, akarudi na wazazi wake akiwa kijana. Yeye ndiye mwenye daftari la kwanza na la pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mara tatu, na kabla sijamaliza kikombe cha kahawa akatoka ndani na kifurushi cha kitambaa cha hariri. Alipokifungua, harufu ya udi ikajaa chumba. Ndani mlikuwa na madaftari mawili ya baba, ya jalada la buluu, yale yale anayonunua duka la jirani.

"Stori ya babako ni siriasi sana, wallahi," aliniambia. "Nilikuwa nafunga duka mapema niwahi kusoma."

"Mbona hukuendelea na la tatu?"

Akatazama kikombe chake. "Picha za Gaza zilijaa kwenye tivii. Natazama watoto wanatolewa chini ya vifusi, halafu nifungue daftari nimwonee huruma Miriam? Nilishindwa, mwanangu. Bi Thuwaiba wa Ibra akanipigia kwamba la tatu liko tayari, nikamwambia bakia nalo."

"Haya mawili kwa nini hukuyarudisha?"

"Ningeyarudisha ningekuwa nimewaacha Miriam na Nasri barabarani. Mimi nimesimama tu. Sijawaacha."

Nililala kwa watu wake, na jioni hiyo ndipo nilipomsoma baba yangu kwa mara ya kwanza. Nilitaka kupitia juujuu. Kufika ukurasa wa kumi nilikuwa nimekaa wima kitandani, Miriam anakimbia bandarini na kiatu kimoja mguuni. Sikujua kwamba yule mzee anayenisumbua kuhusu chumvi ya mchuzi ana mambo haya kichwani. Niliona haya, na fahari nayo.

Jumanne alasiri tulipita Samad Ash Shan. Mazna alisimamisha gari anionyeshe kitu: vilima vidogo vya udongo vimepangana kwa mstari kutoka milimani hadi kwenye mitende, mfano wa vichuguu vya mchwa, na kila kimoja kina shimo katikati. Tulipokaribia, kutoka shimo moja akachomoza kichwa mwanamume aliyelowa hadi kifuani, ana ndoo ya matope. Mazna alisema naye Kiarabu, akanitafsiria.

"Hii ni falaj, amma. Mfereji ya zamani. Maji inatoka mlimani, chini kwa chini, mpaka shambani. Mashimo hii ni ya watu kuingia kusafisha."

"Na wameichimba kwa mashine gani?"

Alimuuliza yule bwana. Akacheka, akanyanyua mikono yake miwili.

Niliinama nikachungulia. Giza tupu, ubaridi usoni, na chini kabisa sauti ya maji yanatembea. Watu walitambaa humo na sururu wakachimba mlima ili mtende upate kunywa. Nikasema subhanallah, nikapiga picha, nikarudi garini. Niseme ukweli, sikufikiria zaidi ya hapo.

Jumanne hiyo hiyo tulilala Ibra kwa Bi Thuwaiba, mjane aliyezaliwa Malindi ya Unguja, ana la tatu na la nne. Kiswahili chake ni kile cha marehemu nyanya yangu, nikimsikiliza nikatamani asinyamaze. Usiku nililisoma la tatu, kisha la nne hadi mwisho: mlango wa chuma unafungwa juu yao, na wa kwanza kusikia tone la maji ni Nasri.

Kulipokucha, Jumatano, akanipeleka sokoni. Ibra siku hiyo wanawake wana soko lao, wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haruhusiwi kuingia. Vitambaa, udi, hina, nyuzi za kutarizia, makelele. Bi Thuwaiba akasimama kwa muuza manukato akasema kwa Kiswahili, kama anayetaja hali ya hewa, "Huyu ni bintiye mwenye Miriam na Nasri."

Muuza manukato akaweka chini chupa yake. Mama wa vitambaa akaacha kupima. Mwingine akatoka kibanda cha tatu, kamba ya barakoa yake ya Kiarabu bado haijafungwa, akanishika mkono.

"Wametoka?"

Ni neno lile lile, na wasiwasi ule ule ninaouona kila siku kwenye mto wa baba.

"Mimi nataka atoke Nasri," alisema wa manukato. "Yule bibi wa Kiyahudi na abaki."

"Abaki kwa lipi?" mama wa vitambaa akamgeukia. "Nani aliyemfunga Nasri jeraha? Wakitoka, watatoka wawili."

"Wewe husikilizi habari?"

"Nasikiliza. Na kitabu pia nimesomewa."

Walianza kubishana, Kiswahili kikaingia Kiarabu, kikatoka. Nikafahamu kwamba Bi Thuwaiba alikuwa akiwasomea wote hawa sebuleni kwake, sura baada ya sura, na tangu la nne wanangojea. Nikawaambia sijui. Nikawaahidi kuwa nikijua nitawajulisha. Wakaniachia mkono taratibu.

Alhamisi asubuhi tulivuka daraja la Sur kuingia Al Ayjah, mtaa wa nyumba nyeupe ng'ambo ya hori la bahari. Shangazi Zuwena alikuwa kibarazani, mdogo kuliko sauti yake ya kwenye simu. Nilimbusu mkono, shikamoo haikumaliza kutoka akanivuta kifuani, akalia, nikalia. Halafu akamtuma Mazna ndani kuleta daftari la tano.

Nililifungua kwa pupa. Maji yako magotini. Maji yako kiunoni. Miriam anapapasa ukuta wote kwa viganja, hakuna ufa. Maji yako kifuani. Nikafungua ukurasa unaofuata, mweupe. Unaofuata, mweupe. Nikapekua hadi jalada la nyuma.

"Hakuandika," nilisema.

"Hakuandika. Kila mwezi nilikuwa namuuliza, ananiambia linakuja. Unajua kilichomkwamisha? Babako hajaona birika jingine ila lile la nyumba yetu ya Mkunazini. Maji yanaingia kutoka darini, kuta nzima, chini pamezibwa. Akawatia humo, akakosa pa kuwatolea. Kuniuliza aliona aibu."

"Na wewe?"

Aliinuka polepole, akaingia ndani mwenyewe, akarudi na daftari jingine, la jalada jekundu. Lilikuwa limejaa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi, mistari imenyooka.

"Mimi nimeishia chuo cha Kurani, kusoma na kuandika barua. Yeye mwalimu. Ningempelekea vipi, nimwambie, kaka, nimekumalizia kitabu chako?"

Kwa hiyo hapo palikuwa na wazee wawili, huyu haulizi, huyu hasemi, na katikati maji yanapanda. Niliwakasirikia wote wawili kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha nikaanza kusoma, kidole juu ya herufi, na yeye akinisahihisha.

Katika daftari la shangazi, Nasri anaacha kupiga mlango. Anamuuliza Miriam: maji haya yanaingilia wapi? Wanazama, wanapapasa chini, wanalipata tundu. Ni mfereji wa kale uliochimbwa kutoka mlimani. Wanaingia, wanatambaa dhidi ya maji, pua zikigusa mwamba, hadi wanapoona duara la mwanga juu yao. Ni shimo la wasafishaji. Nikakumbuka ubaridi ule usoni mwangu Samad, na picha kwenye simu yangu. Jibu la baba nilikuwa nimelichungulia juzi, nikalipiga picha, nikaenda zangu.

Juu ya shimo yuko mwanamke, kamba mkononi. Anawaona. Huku nyuma risasi zinalia. Anateremsha kamba, na wanapotoka anavua ndala zake anampa Miriam. Daftari linaishia hapo.

"Shangazi, mwanamke huyu ni Myahudi au Mwarabu?"

"Alikuwa anateka maji, mwanangu. Mimi sikumuuliza."

Jumamosi nilirudi Unguja na madaftari sita kwenye mkoba wa mkononi, nikakataa kuyaweka kwenye kabati la juu ya viti. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimempigia Bi Thuwaiba nikamsomea mwisho wote. Akasema Jumatano itakuwa na kelele.

Jumapili asubuhi baba aliuliza. "Wametoka?"

"Wametoka."

"Kwa wapi?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsomea. Nilipofika kwenye swali la Nasri, upande wa mdomo unaofanya kazi ukacheka. "Mjinga mimi," akasema. Nilipofika kwenye ndala, akafungua macho. "Kiatu. Nilikisahau kiatu." Kisha akauliza nani kaandika.

"Dada yako Zuwena."

Alilia sana, lakini siyo kile kilio nilichokizoea. Tukampigia simu, nikatoka chumbani, nikawaachia wenyewe.

Watu wananiuliza nimejifunza nini Omani. Nawaambia nimejifunza kwamba baba yangu ana wasomaji, na kwamba mimi nilikuwa wa mwisho kujiunga.

Jumatatu nilimpelekea chai, nikasimama mlangoni nikingoja swali. Sikuwa na hakika kama usiku umemfutia yote. Alinitazama, akaniita kwa jina langu.

"Wale wawili," alisema. "Wamekula?"

Daftari jekundu halikusema. Nikavuta kiti.

"Bado, baba. Mwenyeji wao ndiyo kwanza anawasha moto."

Akafikiri kidogo, akanionyesha meza kwa mkono wake mzima, palipo na kalamu yake.

"Basi andika," akasema. "Wasilale na njaa."