Tiki ya Bibi Sindano

Wodini walimwita Bibi Sindano, na jina hilo alilipenda kuliko la kuzaliwa. Kwa miaka ishirini na sita ya ukunga, watoto aliowapokea walichomwa vitamini K kwenye paja la kushoto kabla saa moja haijaisha.

"Huyu kaja na kila kitu kasoro gundi," aliwaambia wazazi wapya. "Bila vitamini K damu haigandi, na maziwa yako, usininunie mwanangu, yanayo kidogo mno. Mwache alie sasa hivi, yaishe."

Alikuwa na tabia moja. Asubuhi, akishaandika daftarini kina mama waliolazwa kujifungua, aliweka kabisa tiki kwenye safu ya sindano. Kazi ilikuwa nyingi, na yeye alijijua, hasahau.

Kisha mkwewe akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Siku hiyo Bibi Sindano hakuwa mkunga wala nini. Alimpiga picha, akamzungusha wodi nzima akiwaringia wauguzi, akampigia mwanawe simu huku analia na kucheka.

Siku ya nne mkwe alimrudisha mtoto amelegea. Kitovu kilikuwa kinavuja damu, na kinyesi kwenye nepi kilikuwa cheusi tii. Daktari wa zamu alifungua daftari, akaiona tiki.

"Sindano alipata," alisema. "Basi tutafute kwingine. Huenda ni maambukizi." Akaanza kuandika vipimo.

Bibi Sindano alisimama. Alikuwa anatafuta kichwani kilio cha mtoto huyu. Hakuna mtoto asiyelia sindanoni, na yeye vilio hivyo alivizoea. Cha huyu hakukipata. Alizikumbuka picha tu. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na hofu ikaja juu yake.

"Daktari, hiyo tiki ni ya uongo," alisema. "Niliiweka asubuhi, kabla hata hajazaliwa. Sikumchoma."

Daktari hakuuliza mara ya pili. Vitamini K iliingia mshipani palepale, na baada ya saa chache pamba ya kitovuni ilitoka kavu. Mtoto akalia kwa hasira, akitaka kunyonya. Bibi Sindano alishusha pumzi, akamgeukia mkwewe aombe radhi.

Mkwe alimwahi.

"Mama, hiyo tiki huwa unaiweka hivyo kwa wote?"

"Kwa wote."

"Siku ile unazunguka na mjukuu wako, si tulijifungua watano?"

Bibi Sindano alihesabu waliobaki: wanne. Alichukua daftari, akaenda kukaa kwenye benchi la korido na simu yake. Namba ya mama wa kwanza iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.